Seremala wa Königsbronn alitumwa na nani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma habari za Georg Elser, seremala wa Kijerumani aliyetega bomu la kumwua Hitler mwaka 1939, likalipuka dakika 13 baada ya Hitler kuondoka ukumbini. Wanasema kazi yote aliifanya peke yake. Mimi siamini. Fundi wa mbao wa darasa la saba ajulie wapi mabomu? Nani alimtuma? Na kaburi lake liko wapi?" (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Hukosei kushangaa. Hilo la "nani alimtuma" waliliuliza wakubwa kabla yako, na wa kwanza alikuwa Hitler mwenyewe. Haikumwingia akilini kwamba mtu wa kijijini, asiye na cheo wala fedha, angemsogelea kiasi kile bila mkono wa Waingereza. Vita vilipokwisha, maadui wa Hitler nao hawakuamini, ila wao walisema ametumwa na Hitler. Mtu mmoja, matajiri wawili waliokuwa wakichinjana! Yote kwa kuwa alikuwa fundi, na fundi kwa mawazo ya watu hufanya kazi aliyoagizwa.

Mimi nimekulia karakanani, marehemu baba alikuwa seremala. Nilipoyasoma mahojiano ya Elser, yale aliyoyasema kwa siku 5 mfululizo mbele ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, mjini Berlin, Novemba 1939, kilichonikata kiu ni vipimo. Mwanasiasa aliyetumwa hukueleza sababu. Fundi hukueleza mlango ulikatwa wapi, bawaba ilifungwaje, na kwa nini usiku wa tatu ulipotea bure. Mahojiano yale yamejaa mambo ya namna hiyo.

Elser alizaliwa tarehe 4 Januari 1903 Hermaringen, kusini mwa Ujerumani, akakulia kijiji jirani cha Königsbronn. Baba yake alifanya biashara ya mbao na alikuwa mlevi, mama yake mcha Mungu. Shule alisoma miaka 7, kuanzia 1910 hadi 1917, kwa hiyo kwenye darasa la saba umepatia. Alianza kujifunza kazi ya kukereza vyuma katika kiwanda cha chuma cha pale kijijini, afya ikamgomea, akahamia kwenye useremala. Mwaka 1922 alifanya mtihani wa ufundi akatoka wa kwanza.

Halafu tazama alikopita. Friedrichshafen alifanya kazi kwa Dornier, watengenezaji wa ndege, enzi zile panga za ndege zikichongwa kwa mbao. Konstanz, kando ya ziwa linalopakana na Uswisi, alikaa miaka kadhaa katika kiwanda cha saa, akiunda makasha ya saa. Kisha, kuanzia 1936, akawa Heidenheim katika kiwanda kilichokuwa kikitengeneza silaha. Mbao, vyuma, saa, baruti. Hakuna chuo kilichompa elimu hiyo, ameiokota kibarua kwa kibarua. Ukiniuliza alijifunzia wapi, ndiyo hapo.

Kuhusu siasa hakuwa msemaji. Kabla ya 1933 alikipigia kura chama cha Kikomunisti kwa kuwa, alivyoona yeye, kilikuwa upande wa wafanyakazi, na alijiunga na kikundi chao cha wapiganaji, lakini mikutanoni alikuwa mtu wa kukaa nyuma. Alipenda muziki. Alipiga zita, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa mezani, na besi kubwa ya kusimama nayo. Alizaa mtoto wa kiume mwaka 1930 na mwanamke ambaye hakumwoa, na fedha za matunzo zikawa zinakatwa kwenye mshahara wake. Simpambi. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye matatizo ya kawaida. Ila alikuwa na shingo ngumu: redio ikianza hotuba ya Hitler, yeye anatoka chumbani, na salamu ya kunyoosha mkono hakuitoa.

Gestapo walipomuuliza sababu, aliwajibu kama mtu anayesoma hesabu za dukani. Mwaka 1929 seremala alilipwa marki 1 kwa saa, mwaka 1938 ni pfennig 68, na pfennig 100 ndiyo marki 1. Mfanyakazi hawezi tena kuhama kazi apendavyo. Watoto wanachukuliwa na chama, mzazi hana sauti. Kisha ikaja Septemba 1938, mataifa makubwa yalipokutana Munich, mji wa kusini mwa Ujerumani, na kumkatia Hitler kipande cha Chekoslovakia. Wengi walishangilia kwamba amani imepatikana. Elser alikuwa akifanya kazi penye silaha, akiona mzigo unaotoka, akajua huyu mtu hatashiba. Akafikia uamuzi kwamba njia ni kuwaondoa waliokalia usukani, akawataja watatu: Hitler na wasaidizi wake wakubwa, Göring na Goebbels.

Sasa, mtu kama Hitler utampata wapi? Alikuwa akibadilisha safari na saa zake mara kwa mara. Lakini kulikuwa na siku moja asiyoibadilisha. Tarehe 8 Novemba 1923 alijaribu kuipindua serikali akianzia katika ukumbi wa bia wa Munich uitwao Bürgerbräukeller, akashindwa. Alipotawala, kila mwaka tarehe hiyo alirudi ukumbini humo kuwahutubia makada wake wa kwanza. Mwaka 1938 Elser alipanda treni kwenda kuangalia. Usiku, watu walipokwisha kutawanyika, aliingia ukumbini kwa miguu yake na hakuna aliyemsimamisha. Ulinzi wa ukumbi ulikuwa mikononi mwa watu wa chama, polisi walikuwa wamewekwa kando, na wana chama wenyewe walijiamini mno. Akaitazama nguzo iliyo nyuma ya mahali pa kuhutubia, nguzo iliyobeba roshani juu yake. Akarudi kwao.

Hapa nikuombe radhi nichepuke kidogo. Kesho yake, tarehe 9, kulikuwa na maandamano ya chama mjini humo. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo kijana wa Uswisi aitwaye Maurice Bavaud, mwanafunzi wa dini, ana bastola mfukoni, anamsubiri Hitler apite. Alipopita, watu wa mbele wakanyoosha mikono kusalimu, wakamziba. Bavaud alikamatwa baadaye, akakatwa kichwa Berlin mwezi Mei 1941. Elser naye alikuwa mjini siku ileile akiyaangalia maandamano yaleyale. Watu wawili wenye nia moja, mji mmoja, na hawakujuana kamwe. Kama kungekuwa na bwana mkubwa wa kuwapanga, nadhani angalau hao wawili wangepangwa vizuri zaidi.

Aliporudi alianza kuchota vitu kidogo kidogo. Kiwandani alitoa vipande vya baruti iliyoshindiliwa, kama 250, akivificha nyumbani. Masika ya 1939 akaenda Munich tena kuipima nguzo, akajaribu hata kupata kibarua ukumbini, akakosa. Akaenda kuomba kazi katika machimbo ya mawe pale Königsbronn, kazi ya chini kuliko ufundi wake, na humo akapata baruti ya kupasulia miamba pamoja na viwashio vyake. Majaribio aliyafanya katika shamba la miti ya matunda la wazazi wake. Mwezi Agosti akafunga mizigo akahamia Munich, akapanga chumba. Wenye nyumba aliwaambia ana uvumbuzi anaoushughulikia. Hakuwadanganya sana.

Kila mara utaratibu ulikuwa uleule. Jioni anafika ukumbini, anaagiza chakula, anakula taratibu. Inapokaribia saa za kufunga, anapanda roshanini na kujificha katika stoo. Taa zikizimwa na milango ikifungwa, anatoka. Tochi ameifunika kitambaa cha buluu ili mwanga ufifie. Nguzo ilikuwa imevikwa mbao, na kazi ya kwanza, iliyomla usiku tatu nzima, ilikuwa kukata kimlango katika mbao hizo na kukirudisha kwa bawaba, hata mtu akisimama mbele yake mchana asione mstari. Ndipo akaanza kuyatoboa matofali kwa mkono, amepiga magoti.

Kelele ilikuwa tatizo. Ukumbi mtupu unavuma kama mtungi. Lakini vyoo vya pale vilijisafisha vyenyewe kwa maji kila baada ya dakika 10. Elser akawa anasubiri. Jiwe lililolegea analiacha mpaka maji yaanguke, kisha analing'oa kwa kishindo kimoja, halafu kimya tena dakika 10. Vifusi alivikusanya hadi chembe ya mwisho, akavitoa nje mchana ndani ya sanduku na kwenda kuvitupa mtoni Isar. Saa 8 au 9 usiku anaacha kazi, anasinzia stooni, asubuhi milango ikifunguliwa anatokea nyuma. Alifanya hivyo usiku 30 hadi 35.

Mara moja mfanyakazi wa ukumbi alimkuta asubuhi mle stooni. Akamwambia ana jipu pajani, alitaka kulikamua faraghani. Akaitwa mwenye ukumbi, naye akaambiwa mgeni huyu alitafuta mahali patulivu pa kuandika barua. Mwenye ukumbi akamwelekeza bustanini akaandikie huko. Elser akaenda bustanini, akaagiza kahawa, akainywa. Kila nikifika hapo nacheka peke yangu. Mpango uliotungwa ofisini hauna jipu ndani yake.

Bomu lilikuwa na saa mbili, moja ikisimama nyingine iendelee. Tundu la nguzo alilivika bati kwa ndani ya kimlango, ili mtu akigonga mbao zisitoe sauti ya utupu na msumari ukipigwa usipenye. Kasha lenye saa akalizungushia gome la kizibo ili mdundo wake usisikike. Alipomaliza kutega, zikiwa zimebaki siku mbili tatu, akaenda Stuttgart kumuaga dada yake na kumwachia vitu vyake, naye dada akampa fedha kidogo za njia. Angeweza kwenda zake Uswisi moja kwa moja. Hakwenda. Usiku wa tarehe 7 Novemba alirudi Munich, akaingia ukumbini kwa mara ya mwisho, akaweka sikio kwenye nguzo. Saa zilikuwa zinatembea. Mwenzako fundi hakabidhi kazi bila kuikagua.

Kuhusu dakika 13, jibu ni ukungu. Vita vilikuwa vimeanza tangu Septemba, Hitler alitakiwa Berlin upesi, na utabiri ulionyesha ukungu ambao ungezuia ndege kuruka. Akaamua kwenda kwa treni, na treni haimsubiri hata yeye. Hotuba iliyozoeleka kuanza saa 2:30 usiku na kufika hadi saa 4, mwaka huo ilianza saa 2 kamili ikamalizika saa 3:07. Akatoka. Saa 3:20 nguzo ikapasuka, roshani na dari vikaangukia palepale alipokuwa amesimama.

Watu kama 120 walikuwa bado ndani. Walikufa 8, na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mwanamke mhudumu wa ukumbi, aliyekuwa kazini tu. Mwaka 1999 mwanazuoni mmoja wa Ujerumani aliibua mjadala mkali kwa kuuliza kama Elser alikuwa na haki ya kuacha bomu likitembea lenyewe bila yeye kuwepo kuona ni nani yuko karibu. Wengi walimshambulia kwa kuuliza. Mimi naona aliuliza swali halali. Nakubaliana na nia ya Elser, na bado yule mhudumu ananisumbua. Siyapatanishi mambo hayo mawili, nayaacha yalivyo.

Yeye mwenyewe wakati huo alikwisha kamatwa. Saa 2:45 usiku, Hitler akiwa bado jukwaani, askari wawili wa forodha walimkuta Konstanz, hatua chache kutoka waya wa mpaka wa Uswisi. Njia hiyo aliijua tangu enzi za kiwanda cha saa, lakini wakati ule hapakuwa na vita. Mfukoni walimkuta na koleo ya kukatia waya, karatasi zenye maandishi juu ya silaha, vipande vya chuma vya kiwashio, na kadi ya posta yenye picha ya ukumbi wa Bürgerbräukeller. Chini ya ukosi wa koti, beji ya wapiganaji wa Kikomunisti. Kwa nini mtu aliyejificha zaidi ya mwezi bila kuacha chembe ya vumbi abebe vitu kama hivyo? Wapo wanaodhani alitaka vimtambulishe kwa Waswisi ili wampe hifadhi. Mimi naelekea huko. Alijua bomu lake litalipuka, hakujua kama upande wa pili watamwamini.

Walimrudisha Munich. Siku kadhaa alikana. Wahudumu wa ukumbi wakamtambua kuwa ni yule mteja wa jioni, na mafundi aliowapa vipande vya kutengeneza wakamtambua pia. Kisha wakamwambia avue suruali waone magoti. Yalikuwa yamevimba na kutunga usaha. Nikiulizwa ushahidi mmoja tu kwamba kazi ilikuwa ya mtu mmoja, sitataja jalada lolote, nitataja magoti hayo. Wawili wangepokezana. Akakiri.

Hata hivyo Himmler, mkuu wa polisi na wa SS, jeshi la chama cha Hitler, hakuridhika. Mkuu mmoja wa polisi wa upelelezi wa Munich alieleza baadaye kwamba alimwona Himmler akimpiga mateke Elser aliyefungwa pingu, akimtaka amtaje bwana wake. Wazazi na ndugu zake walikamatwa wote wakapelekwa Berlin. Mwenye machimbo alifungwa kambini. Kijiji kizima kilihojiwa, na watu wa Königsbronn wakawa wanaitwa watu wa kijiji cha wauaji. Hakuna jina lililopatikana. Mwishowe Gestapo walimpa vifaa akaunda bomu lile upya mbele yao, kutoka kichwani.

Lakini magazeti yalihitaji bwana. Siku moja baada ya mlipuko, tarehe 9 Novemba, majasusi wawili wa Uingereza, Best na Stevens, walitekwa na Wajerumani huko Venlo kwenye mpaka wa Uholanzi. Ilikuwa mpango tofauti kabisa, lakini ukawafaa wenye propaganda. Tarehe 22 Novemba wananchi wa Ujerumani walisoma kwamba Elser ni chombo cha Waingereza. Wakati huohuo maelezo ya kweli, yenye bawaba na bati na jipu, yalikuwa yamefungiwa kabatini.

Hakufikishwa mahakamani. Alihifadhiwa Sachsenhausen, kambi ya wafungwa karibu na Berlin, kama mfungwa maalumu, kwa nia ya kufanyiwa kesi kubwa baada ya ushindi, pamoja na hao Waingereza. Kwa hiyo alilishwa vizuri kuliko wengine, akapewa meza ya kazi na mbao, akajitengenezea zita, akapiga muziki na kuvuta sigara huku askari wa SS wakimlinda mchana na usiku. Wafungwa wenzake walioona hayo kwa mbali walijua tafsiri moja tu: huyu ni mtu wao. Mchungaji Martin Niemöller, aliyefungwa kambi hizohizo na ambaye neno lake lilikuwa na uzito, alitangaza mwaka 1946 kwamba Elser alikuwa mtu wa SS na shambulio lilipangwa na Hitler mwenyewe ili aonekane analindwa na Mungu. Mama yake Elser alimwandikia kulalamika. Uvumi haukufa.

Mahojiano ya Berlin yaligunduliwa kwenye nyaraka za serikali miaka ya 1960, na yakachapishwa mwaka 1970. Hadi hapo Wajerumani walikuwa wamekwisha wapa mitaa na shule majina ya maofisa wa jeshi waliojaribu kumwua Hitler tarehe 20 Julai 1944. Siwadharau maofisa hao, walilipa kwa damu. Ila wengi wao walimtumikia miaka mingi kabla ya kugeuka, na seremala aliwatangulia kwa karibu miaka mitano. Stempu yake ya posta ilitoka mwaka 2003, kutimiza miaka 100 tangu azaliwe. Uwanja wa jina lake mjini Munich ulipatikana 1997.

Kaburi hakuna. Mwanzoni mwa 1945 alihamishiwa Dachau, kambi nyingine karibu na Munich. Tarehe 5 Aprili mkuu wa Gestapo, Müller, aliandika barua kwa mkuu wa kambi: mfungwa "Eller", maana jina lake halisi lilifichwa hata humo, auawe kimyakimya, na shambulio la ndege litakalofuata litangazwe kuwa ndilo lililomwua. Alipigwa risasi tarehe 9 Aprili, mwili ukachomwa. Wamarekani waliikomboa kambi tarehe 29.

Ukumbi wenyewe ulibomolewa mwaka 1979. Ukifika Munich na ukataka kumtembelea, nenda mtaa wa Türkenstrasse, mtaa aliokuwa amepanga chumba wakati wa kazi yake. Kwenye ukuta wa shule pale kuna maandishi ya taa yasemayo "8. November 1939". Mchana utayapita bila kuyaona. Wahi jioni, kabla ya saa 3:20, maana ndiyo saa yanapowaka, rangi nyekundu, kila siku.